Hadithi za kutisha kwa watoto: Mbinu ziko mtandaoni, hofu iko Songea

Na Mwandishi Wetu, Songea

SAA tatu usiku, Lizaboni. Kifurushi cha intaneti kimenunuliwa, simu imeegemezwa ukutani, na kwenye kioo chake anazungumza Mmarekani mwenye umri wa kuwa babu. Anaeleza jinsi ya kumtia hofu mtoto wa miaka kumi na kumrudisha salama kabla hajalala.

Mzee huyo ni R. L. Stine, aliyezaliwa Ohio mwaka 1943, mwandishi wa mfululizo wa Goosebumps. Kozi yake ya kuwaandikia wasomaji wadogo inapatikana kwenye jukwaa la kulipia la MasterClass. Mwenye simu, kifurushi na kadi ya kulipia anaweza kuifuata akiwa Lizaboni, Mfaranyaki au Bombambili, bila kupanda basi la Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka hapa.

Kazi ngumu inaanza video inapokwisha. Kitabu cha pili cha Goosebumps, kilichotoka mwaka 1992, kinatisha kwa chumba kilichochimbwa chini ya nyumba, ambamo baba wa familia hujifungia kufanya majaribio ya mimea. Nyumba za Songea hazina chumba cha namna hiyo.

Kitabu kingine, cha mwaka 1993, kinamtisha msichana kwa kinyago alichokivaa usiku wa Halloween. Hiyo si sikukuu ya Ruvuma.

Kwa hiyo kijana wa Songea anayetaka kuwaandikia watoto wa kwao hadithi za kutisha ana jambo la kuamua: achukue nini katika kozi, na aache nini? Katika nchi yetu jibu la swali hilo linagusa burudani, na linagusa pia usalama wa watu.

Kinachofundishwa

Stine hakuanza kwa mizimu. Alianza kwa vichekesho, akihariri jarida la vijana lililoitwa Bananas na kutumia jina la Jovial Bob Stine. Mwaka 1989 alianzisha mfululizo wa kutisha kwa vijana wakubwa, na mwaka 1992 akawageukia wadogo zao kwa Goosebumps.

Hadi mwaka 1997 mfululizo wa awali ulikuwa umefikisha vitabu 62. Nakala zilizouzwa duniani zimepita milioni 400.

Mbinu zake si siri, amezieleza hadharani kwa miaka mingi. Kwanza, hupanga kitabu chote sura kwa sura kabla ya kuandika, na huujua mwisho kabla ya mwanzo. Kwa njia hiyo anajua amfiche nini msomaji, na amwachilie wapi.

Pili, kila sura huishia pale ambapo mtoto hawezi kufunga kitabu. Mlango unafunguka wenyewe. Mkono unamgusa begani. Ukifungua ukurasa unaofuata, mkono ni wa mdogo wake. Mtoto anacheka, anapumua, halafu anatishwa tena.

Tatu, mhusika mkuu ni mtoto wa miaka kama kumi na miwili, na watu wazima hawamsadiki. Lazima ajitoe mwenyewe kwenye hatari kwa akili yake, si kwa kuokolewa na baba.

Nne, na hii ndiyo nguzo ya zote, Stine huyaweka nje ya vitabu hivyo mambo yanayowatisha watoto kweli: bunduki, dawa za kulevya, ndoa za wazazi zinazovunjika. Anataka msomaji wake ajue tangu ukurasa wa kwanza kwamba jambo hili haliwezi kutokea.

Nguzo hiyo inasimama vizuri Ohio. Hapa Songea inahitaji kupimwa upya, kwa sababu mtoto anaweza kufunga kitabu cha misukule, akatoka uani, na kuwasikia watu wazima wakizungumza juu ya misukule kama jambo la jana.

> *Kozi inachukulia kwamba mtoto anajua mzimu haupo. Mtoto wetu huenda amefundishwa nyumbani kwamba upo, na kwamba una jina la jirani.*

Hatukuanza jana

Asidhani mtu kwamba kumtisha mtoto kwa hadithi ni ugeni ulioletwa na intaneti. Bibi zetu walikuwa wakiifanya kazi hiyo kabla ya kalamu, jioni, moto ukiwa umepungua, na hadithi haikuanza mpaka watoto wameitikia kwamba wako tayari.

Hadithi ya msichana aliyefungiwa na zimwi ndani ya ngoma inajulikana kwa sura nyingi, kuanzia pwani ya Waswahili hadi kusini kabisa mwa Afrika. Zimwi linazunguka vijijini, ngoma inaimba kwa sauti ya mtoto, watu wanashangilia na kulilisha. Siku moja linafika kwa mama wa msichana, na mama anaitambua sauti.

Ipime kwa vipimo vya Stine. Mtoto yuko hatarini, watu wazima wanacheza ngoma bila kujua, na wokovu unatokana na sauti ya mtoto mwenyewe. Hakuna kinachokosekana.

Edward Steere, baadaye askofu, aliyachapa masimulizi ya Zanzibar mjini London mwaka 1870. Ndani yake yumo paka wa sultani aliyeanza kwa kula mifugo. Watu walilalamika, sultani akawajibu kwamba paka ni wake na mifugo ni yake. Paka akala watu, mwishowe akawaua hata watoto wa sultani. Akawa nunda, mla watu.

Aliyeingia porini kumsaka alikuwa mtoto wa mwisho wa sultani, yule ambaye baba hakumtegemea. Kila mnyama aliyemuua alimpelekea mama yake na kumuuliza kama ndiye, na mama akamwambia siye, mpaka siku alipomleta nunda mwenyewe.

Riwaya ya Kiswahili nayo iliipokea mada hii mapema. Muhammed Said Abdulla alishinda shindano la Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapwa mwaka 1960, na mwaka 1968 akatoa Kisima cha Giningi. Majina ya vitabu ni ya kutisha, lakini mpelelezi wake, Bwana Msa, hufumbua mambo kwa akili na ushahidi.

Mwaka 1977 C. G. Mung'ong'o alikuja na Mirathi ya Hatari, hadithi ya kijana Gusto anayerithishwa uchawi na baba yake katika nyanda za juu kusini, jirani kabisa na Ruvuma. Humo uchawi si mchezo. Unaharibu maisha ya anayeupokea na ya wanaomzunguka.

Na ile mbinu ya kumwacha msomaji akining'inia mwishoni mwa sura? Magazeti yetu ya hadithi yameitumia kwa miongo mingi. Msomaji alifika kwenye neno "itaendelea" na kusubiri toleo lijalo. Leo simulizi za kwenye WhatsApp zinauzwa kwa njia hiyo hiyo, sehemu ya kwanza bure, inayofuata mpaka utume pesa kwa simu.

Kozi ya mtandaoni, basi, haimpi kijana wa Songea kitu kigeni. Inampa mpangilio wa kazi: kuchora ramani ya kitabu, kuhesabu sura, kukata sehemu inayochosha, kuandika hadi mwisho. Nidhamu hiyo ndiyo inayowashinda wengi wenye hadithi nzuri kichwani.

Hofu ya kusini

Ukiacha chumba cha chini ya nyumba, Songea ina nini cha kutisha? Ina vingi, na vingine ni vya kweli.

Anza na giza lenyewe. Mwaka 2011 watafiti wa simba, akiwamo Mtanzania Dennis Ikanda pamoja na Craig Packer wa Marekani, walichapisha uchunguzi wa mashambulizi ya simba dhidi ya watu kusini mwa Tanzania. Kati ya mwaka 1988 na 2009 zaidi ya watu 1,000 walishambuliwa nchini, na wengi wao waliuawa.

Waligundua kwamba mashambulizi mengi hutokea kati ya machweo na saa nne usiku, hasa siku zinazofuata mwezi mpevu. Sababu ni rahisi. Baada ya mwezi kupevuka, kila siku unachelewa zaidi kuchomoza, hivyo jioni inakuwa na saa za giza totoro wakati watu bado wako nje, na simba ameshinda njaa kwa usiku kadhaa wa mwanga.

Utafiti wa awali, wa mwaka 2005, ulionyesha kwamba hatari huongezeka msimu wa mavuno. Nguruwe pori huvamia mazao, mkulima hulala shambani kuyalinda, na simba humfuata nguruwe.

Mwandishi mwenye jicho ataona kitabu kizima humo. Mtoto wa miaka kumi na miwili yuko kwenye dungu la shambani na babu yake. Mwezi ulipevuka juzi. Babu hapendi kuambiwa chochote kuhusu simba. Mtoto anahesabu siku, na kila sura ni usiku mmoja ambao mwezi umechelewa zaidi kidogo kuliko jana.

Sura ya kwanza iishie pale nguruwe wanaponyamaza wote kwa pamoja. Mtoto wa Tunduru au Namtumbo hahitaji kuelezwa maana ya ukimya huo. Akimaliza kitabu ametetemeka, na amejifunza jambo linaloweza kuokoa maisha yake.

Halafu kuna historia. Kwenye Makumbusho ya Maji Maji, eneo la Mahenge hapa mjini, ndipo wanapokumbukwa mashujaa zaidi ya 60 walionyongwa na Wajerumani Februari 27, 1906. Nduna Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, aliuawa katika siku hizo hizo, na inaaminika fuvu lake lilipelekwa Ujerumani.

Novemba 1, 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika kwenye makumbusho hayo, akaomba msamaha na kuwaahidi wazao wa nduna kwamba fuvu litatafutwa.

Mzee aliyelala bila kichwa chake, kichwa kikiwa kwenye sanduku la makumbusho fulani Ulaya: hakuna mwandishi wa kutisha wa Marekani aliyewahi kupewa mkasa mzito kama huu. Lakini huyu ni babu wa watu wanaoishi Songea leo. Mwandishi akitaka kumgusa, aende kwanza kwa familia, asikilize, na aandike kwa namna ambayo mtoto atajifunza haki ya marehemu kuzikwa mzima. Kumfanya nduna kuwa pepo la kukimbiza watoto kungekuwa kumuua mara ya pili.

Wenye shaka wana hoja

Wapo wazazi, walimu na viongozi wa dini wanaosema watoto wetu wana hofu za kutosha, hivyo vitabu hivi visiandikwe kabisa. Hawapaswi kupuuzwa.

Kwingineko pia wamelalamika. Miaka ya 1990 Goosebumps ulikuwa miongoni mwa vitabu vilivyolalamikiwa zaidi katika maktaba na shule za Marekani, kwa kumbukumbu za Chama cha Maktaba cha nchi hiyo.

Hapa nchini, Februari 2023, Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 shuleni kwa hoja ya maadili, vikiwamo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid. Marufuku hiyo haikuhusu hadithi za kutisha, lakini iliwakumbusha waandishi na wachapishaji kwamba kitabu cha mtoto kina macho mengi yanayokisoma.

Hoja yao nzito zaidi inatoka nje ya vitabu. Mwanzoni mwa mwaka 2019, katika mkoa jirani wa Njombe, watoto waliuawa na baadhi yao kuondolewa viungo, na serikali ikayahusisha mauaji hayo na imani za kishirikina. Mei 2024 mtoto wa miaka miwili mwenye ualbino alitekwa Muleba, Kagera, na baadaye akakutwa ameuawa.

Wanawake wazee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni za miaka yote. Sheria ya Uchawi ipo tangu mwaka 1928. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Mauaji hayakukoma.

Katika nchi yenye kumbukumbu hizi, hadithi inayomchora bibi kizee wa mwisho wa kijiji kuwa mchawi, na inayothibitisha mwishoni kwamba kweli alikuwa mchawi, inafanya kazi ya mpiga ramli chonganishi. Tofauti ni kwamba mpiga ramli humwambia mteja mmoja, na kitabu huwaambia watoto elfu tatu.

> *Mwandishi wa hadithi za kutisha akimwonyesha mtoto jirani wa kumwogopa, amepiga ramli chonganishi kwa wino.*

Watoto tayari wanatishwa

Hata hivyo, hoja ya kuacha kabisa inasahau mtoto anachokutana nacho sasa. Anaingia vibanda umiza na kutazama filamu za kishirikina zilizotiwa sauti ya Kiswahili. Anapokea simulizi za majini na makafara kwenye simu ya kaka yake, zilizoandikwa kwa watu wazima, damu na ngono vikiwa pamoja.

Kwenye zile simulizi mganga ndiye mshindi, na mtuhumiwa hana nafasi ya kujitetea. Hakuna mhariri aliyezipitia wala mwalimu aliyeulizwa, na hakuna anayejua msomaji ana miaka mingapi.

Kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya mtoto, na mtu aliyejifunza kazi yake, kinaweza kufanya kinyume. Kinaweza kumpa hofu yenye mipaka, mwanzo na mwisho, na kumwonyesha mtoto mwenzake akifikiri huku anatetemeka. Mtoto anayeweza kuuliza "nani amekuambia, na ulionaje?" katikati ya hofu amepata kinga kubwa kuliko aliyeambiwa tu asiogope.

Ndiyo maana nasema vitabu hivi viandikwe. Visiachwe kwa simulizi za usiku wa manane.

Ada, ithibati na soko

Kati ya nia na kitabu kuna vikwazo. Ada ya MasterClass ni ya mwaka na hulipwa kwa kadi, jambo ambalo limekuwa rahisi kidogo tangu kampuni za simu zianze kutoa kadi za mtandaoni. Video hula kifurushi. Masomo ni ya Kiingereza, na mwenye hadithi bora huenda ndiye aliyeishia kidato cha nne.

Mtandao wenyewe hauna uhakika kila siku. Mei 12, 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika, intaneti iliyumba nchi nzima. Ni busara kukutana watatu au wanne, kulipia ada moja kwa kufuata masharti yake, kuangalia pamoja na kusomeana kurasa.

Baada ya mswada kuna mchapishaji. Songea haiko mbali na kazi hiyo: Peramiho, umbali mfupi magharibi ya mji, Wabenediktini walifika mwaka 1898 na wamekuwa wakichapa vitabu vya Kiswahili kwa miongo mingi. Wachapishaji wakubwa wa vitabu vya watoto, kama Mkuki na Nyota na E&D Vision, wako Dar es Salaam.

Kitabu kikitaka kuingia shuleni, lazima kipate ithibati ya serikali kupitia Taasisi ya Elimu Tanzania. Bila soko la shule, mchapishaji huhofia kupata hasara. Ndiyo sababu Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, uliwasaidia wachapishaji kwa kununua sehemu ya nakala na kuzipeleka shuleni.

Mlango mpya ni Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 13, 2023 kwa riwaya na ushairi, na baadaye ikaongezewa hadithi za watoto. Mshindi wa kwanza hupata Sh10 milioni. Majaji wa tuzo hiyo wangefanya jema wakiweka wazi kwamba hadithi ya kutisha, ikiandikwa kwa uangalifu, inakaribishwa.

Chuo cha Ualimu Matogoro nacho kina nafasi. Mwalimu mtarajiwa anayejifunza kufundisha kusoma angeweza kukusanya masimulizi ya Kingoni, Kimatengo, Kiyao na Kinyasa wakati wa mazoezi ya kufundisha, na kuyaweka mahali ambapo mwandishi atayakuta. Maktaba ya Mkoa ingefaa kuyatunza.

Mizani ya mswada

Baada ya kuisikiliza kozi na kuiweka pembeni ya mambo ya hapa, mwandishi wa Songea anaweza kuupima mswada wake kwa mambo manne kabla ya kuutuma popote.

Kitisho ni cha nani? Zimwi, nunda, chunusi wa Ziwa Nyasa, simba wa usiku usio na mwezi: hawa hawana nyumba mtaani. Mzee mwenye kigoda, mtu mwenye ualbino, mjane na mgeni wana nyumba mtaani. Hao wasiwe kitisho, na wakituhumiwa ndani ya hadithi, hadithi iwasafishe.

Nani anafumbua? Mtoto, kwa kuona, kuuliza na kupima. Mganga asiwe ndiye anayeleta jibu.

Mlango wa kutokea uko wapi? Ukurasa wa mwisho umwache msomaji salama. Kama kuna jambo limebaki gizani, liwe la kumfanya atake kitabu kingine, lisiwe la kumfanya ashindwe kwenda msalani usiku.

Je, kinasomeka kwa sauti? Hadithi zetu zilikaa vinywani kabla ya kukaa vitabuni. Sentensi inayomkwama msomaji wa sauti itamkwama na mtoto wa darasa la tano.

Kipimo cha mwisho kifanywe mtaani, siyo mezani. Mwandishi awakusanye watoto wa jirani, amwalike na bibi mzee kuliko wote hapo, na asome mswada wote mbele yao. Watoto wakimsogelea bibi kwa woga wa zimwi, mswada uende kwa mchapishaji. Wakimkodolea bibi macho, arudi kuandika upya.